Kujenga darasa la mbao litakalodumu: mwongozo kwa vikundi vya kusaidia shule

Darasa la mbao huanza miezi minne kabla ya msingi kuchimbwa. Pesa zikishaingia, kishawishi cha kikundi ni kushusha lori la mbao Ijumaa na kuanza kupigilia Jumatatu, ili mfadhili apate picha mapema. Mbao hizo bado zina maji. Zitakaukia ukutani, zitajinyonga, misumari italegea, na mvua itapita kwenye nyufa. Baada ya hapo kijiji kizima kitasema mbao si kitu cha kujengea shule, na kwa walichokiona watakuwa na haki.

Hatua zinazofuata zimelenga shirika dogo la hisani, kamati ya wazazi au umoja wa waliosoma shuleni hapo zamani, wanaotaka kuongeza darasa moja katika shule ya msingi ya umma huko Mufindi, Njombe au Makete. Paini ni ya wakulima wa hapo hapo, na vijana wanaojifunza useremala ndio wanaoshika nyundo. Huko mbao ina maana. Shamba la miti la Sao Hill liko jirani, wakulima wana viunga vyao, na saruji husafirishwa kutoka mbali. Matofali ya kuchoma nayo hula kuni nyingi. Jengo la mbao pia ni jepesi, na wepesi una faida yake ardhi ikitikisika: tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato, yaliyokuwa ya kuta nzito. Lakini kama paini itabidi ije kwa lori kutoka mikoa mitano mbali, jengeni kwa matofali ya kufungamana na muachane na mbao. Kuwa endelevu maana yake ni pamoja na mafuta ya lori.

Na jambo moja lisemwe mapema: darasa, ndiyo, bweni, hapana. Septemba 2024 moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, Kenya, uliua wanafunzi 21, na bweni lile sehemu kubwa lilikuwa la mbao. Darasani watoto wako macho, ni mchana, na mlango uko karibu. Bwenini wamelala. Mfadhili akiomba bweni la mbao, mkatalieni.

Kalenda

Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Kwa hiyo miti ikatwe mwishoni mwa Mei, mbao zikauke hadi Septemba, fremu isimame mwishoni mwa Septemba, na bati liwe juu kabla Oktoba haijaisha. Novemba na Desemba ni za kazi za ndani, mkiwa tayari mna paa. Muhula ukifunguliwa Januari, watoto waingie. Mkichelewa kukata mti hadi Agosti, ahirisheni jengo mwaka mzima. Huo ndio ushauri ambao hakuna mfadhili anayeupenda, na ndio unaookoa pesa zake.

Miezi ya kukausha ndiyo ya makaratasi. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 liangalie tarehe ya cheti, kwa sababu tangu marekebisho ya 2019 cheti hudumu miaka 10 tu. Kamati ya wazazi haina haja ya kuanzisha shirika kwa ajili ya darasa moja. Pesa zinaweza kupitia akaunti ya shule. Vyovyote iwavyo, mnahitaji muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, barua ya mkurugenzi wa halmashauri, na mchoro uliopitiwa na mhandisi wa halmashauri. Mhandisi amezoea michoro ya tofali. Mpelekeeni mchoro wa mbao mapema na mjiandae kwa maswali yake matatu: upepo, moto, mchwa. Vipimo vilivyomo humu ni mahali pa kuanzia mazungumzo naye. Neno la mwisho ni lake, maana udongo na upepo wa kila kilima ni tofauti.

Tumieni kamati tatu zile zile za miradi ya shule za serikali: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ya mapokezi ndiyo ipewe watu wakali. Wawe na futikamba mkononi, na wawe na ruhusa ya kurudisha mbao kwenye lori.

Gogo, kisha mbao

Wakulima wengi huvuna paini ikiwa na miaka 8 hadi 12 kwa sababu ada za shule hazisubiri. Mti wa umri huo una sehemu kubwa ya mbao changa karibu na kiini, na mbao hiyo ikikauka hujinyonga kama pangaboi. Kwa kenchi (fremu za pembetatu zinazobeba paa) na nguzo za ukuta tafuteni miti ya miaka 15 kwenda juu, hata kama bei ni kubwa. Miti michanga itumike kwa mbao fupi tu.

Mashine ya dingdong, ile ndogo ya kupasulia magogo, inafika shambani na ni rahisi kukodi, ila msumeno wake mnene hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa pumba, na unene wa ubao hubadilika kutoka ncha moja hadi nyingine. Wakati mwingine theluthi moja tu ya gogo ndiyo huwa mbao. Msumeno wa mkanda hutoa karibu nusu. Darasa linahitaji takriban mita za ujazo 9 za mbao, kwa hiyo ni mita za ujazo 27 za magogo kwa dingdong, au 18 kwa mkanda. Ikiwa kila mti unatoa nusu mita ya ujazo, tofauti hiyo ni miti 54 dhidi ya 36. Kukodi mkanda hujilipa pale pale.

Hata miti ikiwa ya shamba la mtu binafsi, mzigo hauondoki bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali. Risiti na hati wekeni nakala kwenye faili la mradi. Mfadhili makini ataziuliza kabla hajauliza picha. Mkihitaji mbao ngumu kwa vizingiti na milango, ipo ya halali: vijiji vya Kilwa vilivyofanya kazi na shirika la MCDI vilipata cheti cha FSC, cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii.

Kupanda tena kufanyike mvua za mwaka huo huo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hekta moja huchukua miche 1,111, hivyo miche 200 inatosha kwenye chini ya robo hekta. Muilimie na kuiwekea barabara ya moto. Miche isiyopaliliwa miaka miwili ya kwanza ni picha tu.

Kukausha

Mkifanya vizuri hapa, makosa mengine mengi yatasameheka.

Jengeni kwanza kitanda cha matofali au magogo, kimo cha sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mahali penye upepo lakini pasipo jua la moja kwa moja. Kila safu ya mbao itenganishwe na iliyo juu yake kwa vijiti vikavu vya inchi moja kwa moja. Vijiti viwe umbali wa sentimita 50, na kila kijiti kikae juu kabisa ya mwenzake wa chini, mstari mmoja wima hadi kitandani. Vikipishana, mbao inayobeba uzito katikati ya vijiti viwili hukauka ikiwa imepinda, na haitanyooka tena. Kati ya ubao na ubao acheni upana wa kidole gumba. Ncha za mbao zipakwe rangi yoyote ya mafuta iliyobaki, maana maji hutoka haraka zaidi nchani, na hapo ndipo nyufa huanzia. Juu funikeni kwa bati, kisha mawe, kilo nyingi iwezekanavyo. Mbao za juu zisipokandamizwa ndizo zitakazokuwa kuni.

Mbao za inchi 1 zinahitaji wiki 6 hadi 8, za inchi 2 miezi mitatu. Upande wa mashariki wa Mufindi ukungu huja hata kiangazi, ongezeni wiki tatu. Mbao zikianza kuwa na madoa ya bluu, hewa haipiti, tanueni nafasi. Kuvu hiyo haipunguzi nguvu sana, lakini ni dalili kwamba kuoza kunaweza kufuata.

Msikisie ukavu kwa kugonga na kusikiliza mlio. Chukueni ubao kutoka katikati ya rundo, pimeni nusu mita kutoka ncha, kisha kateni kipande cha upana wa sentimita 3. Kipimeni papo hapo kwa mizani ya jikoni. Kiwekeni kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 hivi na kukipima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ukome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 130 kikabaki gramu 104 kimepoteza 26. 26 kwa 104 ni asilimia 25. Bado. Mnatafuta asilimia 16 au chini yake. Fanyeni hivyo kwa vipande vitano kutoka sehemu tofauti za rundo, na aliye mbichi kuliko wote ndiye aamue. Vijana wanaojifunza wafanye hesabu hii wenyewe. Wengi waliichukia asilimia darasani kwa sababu haikuwahi kupima kitu.

Dawa: ipi, wapi

Paini haina kinga yake yenyewe. Dawa ya kijani ya CCA inayotiwa kwa presha kiwandani, ile ya nguzo za umeme, ni imara lakini ina aseniki. Itumike mahali pasipofikiwa na mikono ya watoto na penye hatari ya maji: mbao ya chini ya ukuta, fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), na mbao tatu za chini za ukuta wa nje, zikishapakwa rangi juu. Isitumike kwenye madawati wala ubao wa kuandikia. Vipande vyake visichomwe, na hili muwaambie akina mama wanaopika chakula cha mafundi, kwa sababu vipande hivyo huonekana kama kuni safi.

Mbao ziende kiwandani zikiwa zimekauka, la sivyo dawa haina pa kuingia. Zitarudi zikiwa zimelowa tena, kwa hiyo zirudi juu ya vijiti wiki tatu. Zikipokelewa, kateni kipande kimoja katikati na muangalie kijani kimeingia kina gani. Kikiwa kama rangi ya juu tu, rudisheni. Na kila mnapokata ubao uliotiwa dawa mnafungua moyo usio na dawa. Ncha hiyo ipakwe dawa kwa brashi kabla ya kupigiliwa.

Mbao nyingine za ukuta na za ndani zinatosha na boroni. Kilo 6 za boraksi na kilo 4 za asidi ya boriki kwa lita 90 za maji ya moto hutoa mchanganyiko wa asilimia 10. Hii ni kinyume cha CCA: mbao iingizwe ikiwa mbichi, mara tu baada ya kupasuliwa, kwa sababu dawa husafiri kwenye maji yaliyomo ndani ya mbao. Ilowekwe siku kadhaa, kisha ipangwe bila vijiti na kufunikwa kwa nailoni wiki nne ndipo ianze kukaushwa. Udhaifu wa boroni ni mvua, ambayo huiosha ikatoka. Ndiyo maana ukuta wa nje unahitaji rangi na paa lenye ukingo mrefu.

Oili chafu ya magari, inayopendwa kila mahali, haipenyi. Harufu yake hukaa mwaka, nguo za shule huchafuka, na ina kemikali ambazo hazina kazi darasani.

Vipimo vinavyookoa mbao

Badala ya mita 9 kwa 7 ya kawaida, fanyeni 9.6 kwa 6.6. Eneo ni karibu lile lile, mita za mraba 63, yaani 1.4 kwa kila mtoto wakiwa 45. Lakini 9.6 na 6.6 zote hugawanyika kwa sentimita 60, na nafasi hiyo ndiyo ya nguzo za ukuta. Kenchi zikikaa kila mita 1.2, kila moja inatua juu ya nguzo. Ubao wa ukuta wa futi 12 ukipunguzwa hadi mita 3.6 unaishia katikati ya nguzo ya saba. Nguzo ya mita 3 ikikatwa kwenye ubao wa futi 12 hubakiza kipande cha sentimita 66, nacho ndicho mbao ya kukaza kati ya nguzo na nguzo. Mwisho wa kazi rundo la vipande liwe dogo kiasi cha kubebwa na watu wawili.

Oda yenyewe, pamoja na ziada (2x4 ni inchi 2 kwa 4, na nyingine vivyo hivyo):

2x4 za futi 12: 80 za nguzo za ukuta, 30 za mbao ya chini na mbao mbili za juu, 27 za matumbo ya kenchi, yaani mbao zake za ndani.
2x6 za futi 16: 18 za migongo ya kenchi 9, yaani mbao zake za mteremko. Msikubali kuungiwa za futi 12 hapa.
2x6 za futi 12: 18 za chini ya kenchi, mbili kwa kila moja, zikiungwa katikati kwa mabamba ya 2x6 ya sentimita 90 pande zote mbili na bolti.
2x3 za futi 12: 40 za papi, mbao zinazolala juu ya kenchi na kushika bati.
1x8 za futi 12: 160 za ukuta wa nje, zikipandiana sentimita 3.
Bolti za msingi za milimita 12, urefu sentimita 30: 32.
Mkanda wa chuma wa mabati wa upana wa milimita 30: mita 45.
Bati geji 28: mita za mraba 98 za paa kabla ya kupandiana. Geji 32 ni nafuu dukani tu.

Msingi

Msingi wa mawe ushuke hadi udongo mgumu na upande sentimita 45 juu ya ardhi ya nje. Kabla ya kuchimba pimeni mishazari ya kamba: yote miwili isome mita 11.65. Ikitofautiana hata kwa sentimita 2, sogezeni vigingi. Kosa la sentimita 2 chini huwa bati lisilolingana juu.

Sakafu ya zege iwe sentimita 15 chini ya mahali mbao ya chini inapokaa. Sababu ni ndoo. Darasa hudekiwa kila siku, na mbao iliyo sawa na sakafu hunywa maji ya kudeki kila siku kwa miaka yote ya maisha yake.

Juu ya msingi, chini ya mbao, lazeni bati bapa linalotokeza sentimita 5 ndani na nje, kingo zikiwa zimekunjwa kuelekea chini. Bati hili haliui mchwa. Linawalazimisha kujenga njia yao ya udongo nje, mahali inapoonekana, na mtu mwenye ufagio anaibomoa. Maungio yakunjwe yafungane, na matundu ya bolti yazibwe kwa lami. Mchwa hupita kwenye upenyo mwembamba sana. Msipande maua wala kurundika madawati mabovu ukutani, kwa sababu mtakuwa mmewajengea daraja.

Fremu, na kwa nini paa huruka

Kila msimu wa mvua redio hutangaza upepo umeezua madarasa mahali fulani. Wengi hudhani upepo unalisukuma paa. Upepo ukipita juu ya bati hulivuta kwenda juu, na msumari uliopigwa wima huchomoka kwa njia ile ile ulioingilia. Dawa ni kufunga kila kitu na kilicho chini yake bila kuruka: bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa nguzo, nguzo kwa mbao ya chini, mbao ya chini kwa msingi. Mahali palipofungwa kwa msumari peke yake ndipo paa litaachia.

Anzeni chini, kabla fremu haijasimama. Kwa kila nguzo itakayobeba kenchi, zote 18, pitisheni kipande cha mkanda cha sentimita 80 chini ya mbao ya chini kama herufi U, miguu yake ipande sentimita 30 kwenye uso wa nguzo, ndani na nje. Misumari mitano kila mguu. Fremu ikishainuliwa hamtaweza tena kuupitisha, na hapo ndipo fundi atakapowaambia "haina shida". Ina shida.

Juu, kila mguu wa kenchi upate mikanda miwili ya sentimita 70. Ncha moja hupigiliwa ubavuni mwa kenchi, mkanda unasokotwa robo mzunguko, unashuka ukipita pembeni mwa mbao mbili za juu, kisha unashikwa usoni mwa nguzo. Mmoja ndani, mwingine nje. Kosa linalorudiwa ni kuishia kwenye mbao ya juu. Mkanda ukiishia hapo, kenchi na mbao ya juu vitaruka pamoja, vimeshikana vizuri.

Kwenye pembe zote nne wekeni mbao za mshazari za 1x4, zilizochimbiwa kwenye nguzo, moja kila upande: nane kwa jumla. Mbao za ukuta zilizolala hazizuii fremu kuinama upande. Mihimili ya muda msiitoe hadi paa na mishazari yote viwe mahali pake.

Milango na madirisha yakae kati ya nguzo mbili zinazobeba kenchi. Hivyo mnaondoa nguzo moja tu isiyobeba kitu, na juu ya dirisha hakuna uzito wa paa. Nafasi inayobaki ni mita 1.15. Madirisha manane ya 1.15 kwa 1.4, manne kila upande mrefu, ni kama sehemu ya tano ya sakafu, na mwanga unatosha bila taa. Jengo lilale mashariki–magharibi ili jua la asubuhi lisipige macho ya watoto.

Kenchi ya kwanza itengenezwe juu ya sakafu ya zege na kupimwa vizuri, kisha iwe kielelezo cha nyingine nane. Mkitengeneza ya pili kwa kuiga ya kwanza, ya tatu kwa kuiga ya pili, kufikia ya tisa kosa la milimita 3 limekuwa sentimita 2. Mteremko wa nyuzi 22 na ukingo wa sentimita 90 nje ya ukuta unaumbika kwa mgongo wa futi 16. Papi sita kila upande, zifungwe kwenye kenchi kwa misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa kwa mshazari na waya wa kukaza. Kwenye papi ya kwanza na ya mwisho bati lishikwe kila mgongo, kwa skrubu zenye mpira.

Ukuta na dari

Mbao za ukuta zipangwe kutoka chini kwenda juu. Msumari mmoja tu kwa kila nguzo, upigwe juu kidogo ya mahali ubao wa chini unapoishia, usiutoboe. Mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukiishika juu na chini kwa misumari miwili, itapasuka katikati. Hili mafundi wengi hubisha hadi waone ufa.

Silingi si urembo. Mvua ya Januari ikipiga bati tupu mwalimu hasikiki, na kipindi kinapotea. Acheni matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa, yenye wavu wa waya, la sivyo popo watahamia kabla ya darasa la kwanza. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba. Milango miwili ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na nondo zisizofunguka.

Vijana

Mafundi wawili, vijana kumi. Zaidi ya watano kwa fundi mmoja, wengine watakuwa wabeba mbao. Wote wawe wametimiza miaka 18, maana kuna mashine na paa. Wanafunzi wa shule wasibebeshwe chochote. Sajilini eneo la kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na walipeni vijana posho kila wiki. Kijana asiyelipwa huondoka msimu wa kulima, na ana haki.

Waanze Juni, mbao zikikauka. Wiki mbili za kwanza ni kunoa tu: msumeno, randa, patasi. Kisha watengeneze madawati 23 ya watu wawili kwa mbao kavu iliyonunuliwa, kwa viungio vya ulimi na tundu, bila gundi ya kuficha makosa. Dawati likiyumba, livunjwe na kurudiwa. Ukifika wakati wa kenchi, mkono umeshajua inchi. Tangu siku ya kwanza kila mmoja awe na daftari la kazi alizofanya na sahihi ya fundi, kwa sababu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo, na daftari hilo humsaidia kujieleza mbele ya mtahini. Lipieni tathmini hiyo kwenye bajeti ya mradi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kibao cha chuma chenye jina la mfadhili.

Kukabidhi

Tengeni asilimia 10 ya bajeti kwa matunzo na muitaje kwenye hati ya makabidhiano, pamoja na majina ya vyeo vinavyohusika. Kijana mmoja wa waliojenga, anayeishi kijijini, alipwe siku moja kila Oktoba. Aanze kwa kuzunguka msingi akitafuta njia za mchwa kwenye bati. Achome bisibisi kwenye mbao tatu za chini. Ikizama bila nguvu, ubao ubadilishwe wiki hiyo. Apande darini na tochi akague mikanda yote 36, akaze skrubu za bati, asafishe mfereji. Rangi ya nje irudiwe kila mwaka wa tatu, ikianzia upande unaopigwa na mvua. Alichokiona akiandike kwenye daftari linalokaa kwa mwalimu mkuu, kwa tarehe na namba ya nguzo, zikihesabiwa kutoka mlango wa kwanza kwenda kulia.